Nyanyua Miguu, Mheshimiwa

Hapo juzijuzi, si zamani kiasi cha kusahaulika wala si karibu kiasi cha mtu kushtakiwa, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Itikia. Msiitafute kwenye ramani. Mimi niliitafuta nikaambiwa ramani iko kwa Mkuu wa Ramani, na Mkuu wa Ramani yuko msibani.

Itikia ilikuwa nchi ya heshima. Heshima yenyewe ilikuwa nyingi mno hata ikabidi iundiwe wizara. Zamani mtu akipanda jukwaani alisema tu "itifaki imezingatiwa", akaendelea na lake. Basi siku moja Rais wa Itikia, akiwa ameamka vibaya, aliyasikia maneno hayo redioni akauliza, "Imezingatiwa na nani? Mbona mimi sijasikia jina langu?" Wee! Nchi ikatetemeka. Kesho yake ikatoka Sheria ya Kutajwa: hakuna ruhusa kwa mtu yeyote kuhutubia watu zaidi ya ishirini, iwe harusini, msibani, kanisani au kwenye kikao cha wauza nyanya, kabla ya kusomwa Orodha Kuu ya Waheshimiwa, yote, kwa sauti, pamoja na vyeo vyao. Ukikosea cheo kimoja, unaanza upya.

Orodha Kuu ilikuwa na majina mia moja na kumi na mawili. La kwanza mnalijua. La mwisho lilikuwa la Naibu Msaidizi wa Msimamizi wa Mapazia ya Ikulu, Upande wa Kusini. Mwenyezi Mungu naye hakusahauliwa, tusiwe watu wa kulaumu tu. Aliwekwa namba thelathini na nne, baada ya Mkurugenzi wa Mabwawa na kabla ya Mwenyekiti wa Bodi ya Viazi Vitamu. Maaskofu walipouliza, kwa upole, walijibiwa kwamba nafasi hiyo ni ya muda na inapitiwa upya.

Sasa katika mji mdogo wa Itunguru, kwenye kanisa la Kiprotestanti lenye bati jekundu, alikuwepo Mchungaji Ambilikile Mwasaga. Huyu sheria hiyo ilimkuta vibaya kuliko wote, maana alikuwa mtu wa maneno machache. Baba yake alikuwa mfyatua matofali, mzee ambaye hakuwahi kusema sentensi tatu mfululizo. Usemi wake mkubwa ulikuwa, "Tofali halikauki kwa kuhutubiwa." Mtoto akakua nao. Alipofika chuo cha theolojia, wenzake walihubiri mpaka jagi la maji likaisha mezani. Yeye alihubiri dakika kumi na tano, akakaa. Mwalimu akamwandikia kwenye karatasi, "Una haraka gani?" Wala hakuwa na haraka. Alikuwa amemaliza.

Kazi yake hasa haikuwa mimbarani. Jumanne na Alhamisi alipanda baiskeli akazuru nyumba za washarika wake. Akikaribishwa sebuleni kwenye makochi ya vitambaa, alikataa. Alikwenda jikoni, akavuta kigoda, akaomba ungo wa maharage, akakaa anachambua mawe huku anasikiliza. Alikuwa amegundua kwamba mtu ukimkodolea macho atakuambia hajambo, lakini ukiwa umeinamia maharage atakuambia mumewe hajarudi tangu Ijumaa. Basi alichambua maharage ya mji mzima.

Lakini alijuaje aende nyumba ipi? Hapo ndipo anapoingia Bibi Atuganile Kasyupa.

Bibi Atuganile alikuwa mjane aliyefagia kanisa lile kwa miaka arobaini na mmoja. Hakufagia mapema kama watu wengine. Alisubiri watu waketi, ndipo aje na ufagio wake wa chelewa, anapita benchi hadi benchi akiamuru, "Nyanyua miguu!" Hata askofu alipokuja kwenye kipaimara aliambiwa, "Nyanyua miguu, baba." Wageni walidhani ni ukorofi wa uzee. Kumbe bibi alikuwa kazini. Ibada ikiisha alimfuata Mchungaji ofisini, anafunga mlango, anatoa taarifa.

"Benchi la tatu, yule fundi cherehani amekuja na viatu vya marehemu mumewe. Hana vyake."

"Nimekusikia, Bibi."

"Benchi la saba, mtoto wa yule mwalimu ana funza, anakanyagia kisigino. Na yule bwana wa suti anayetoa sadaka kwa kuipunga hewani, soksi zake hazifanani. Huko nyumbani kumeharibika. Nenda."

Na Jumanne Mchungaji alikwenda, na kweli kulikuwa kumeharibika. Watu walisema ana karama ya unabii. Karama! Karama ilikuwa na ufagio.

Basi bibi akaugua. Mchungaji akaenda kumwona, safari hiyo hakupewa maharage, akakaa tu kwenye ukingo wa kitanda.

"Mchungaji."

"Naam, Bibi."

"Nikifa, wale watakuja."

"Watakuja."

"Watasoma yale makaratasi yao."

Mchungaji akamvutia shuka mabegani.

"Mimi nimefagia chini ya miguu ya watu tangu kanisa likiwa la nyasi. Sijawahi kutajwa, hata kwenye matangazo. Wanataja waliochangia maua ya madhabahuni, mimi simo. Sikulalamika, au nililalamika?"

"Hukulalamika, Bibi."

"Sasa nalalamika. Siku ile unitaje. Jina langu lote. Useme nilikuwa nafagia, na kwa nini. Basi. Usiseme nilikuwa malaika, watacheka."

"Nitakutaja."

"Apa."

"Sisi hatuapi, Bibi. Tumekatazwa."

"Haya, sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema Mchungaji. Bibi akageukia ukutani, ameridhika. Siku ya tatu akafariki.

Mtauliza, wakubwa wa nchi wanatafuta nini kwenye mazishi ya mfagizi? Swali la mtu asiyeijua Itikia. Sheria ilisema popote penye watu zaidi ya ishirini pana jukwaa, na mkubwa aliyekosa jukwaa kwa wiki nzima alikuwa akishikwa na homa. Misiba ilikuwa na watu wengi tena hawawezi kuondoka. Kwa hiyo alikuja Naibu Waziri wa Salamu mwenyewe, na magari sita.

Kabla ya magari alitangulia Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Gerishoni Kabeta, mwembamba, suti imepigwa pasi mpaka inakata. Alifika peke yake, amebeba mkoba wa ngozi wenye Orodha, anatembea taratibu kama anayekanyaga mayai. Watu wakasemezana, "Tazama maringo hayo!" Akapanga viti hema zima kwa vyeo. Alipomaliza, Sekela, binti pekee wa marehemu, hakuwa na pa kukaa.

"Mimi ni mtoto wake," Sekela akamwambia.

"Pole sana, dada yangu. Namba yako?"

"Namba gani?"

"Kwenye Orodha."

Sekela akaenda kusimama nyuma ya hema, kwenye jua, karibu na masufuria.

Saa saba mchana Mchungaji akaanza kusoma. Jeneza liko mbele yake, kaburi liko wazi, nyuma ya mlima mawingu yanajikusanya. Alisoma vizuri mpaka namba hamsini na nane, akasema "Kanali" mahali pa "Luteni Kanali Mstaafu". Bwana Gerishoni akanyanyua kidole. Mchungaji akaanza upya.

Mara ya pili alifika namba tisini na saba. Simu ya Bwana Gerishoni ikalia. Akasikiliza, akasimama wima, uso umejaa habari.

"Ndugu waombolezaji, ninayo furaha kuwatangazia kwamba Mkurugenzi wa Mabwawa ameteuliwa sasa hivi kuwa Waziri wa Maji Yaliyotulia, na anakwenda namba tisa. Wote waliokuwa kati ya tisa na thelathini na tatu wanashuka moja."

"Na Mungu?" akauliza mzee mmoja.

Bwana Gerishoni akapiga hesabu kwa vidole. "Anabaki palepale."

"Haleluya," wakajibu watu, bila nguvu.

Mchungaji akaanza upya. Midomo imekauka, lakini kila jina alilolisoma aliliona kama tofali moja la kuondoa njiani ili amfikie bibi. Saa kumi kasoro alifika kwenye mapazia ya Ikulu, upande wa kusini. Akalitazama jeneza.

"Tumekuja hapa," akaanza, "kumzika—"

Kidole cha Bwana Gerishoni kikanyanyuka. Kwa mujibu wa kifungu cha saba, Orodha ikiisha husema kwanza mgeni rasmi.

Naibu Waziri akasimama akafunga kifungo cha koti. "Ndugu zangu, nimeguswa. Nimeguswa sana na kifo cha huyu... cha mpendwa wetu huyu, ambaye sisi sote tulimfahamu. Serikali yenu inatambua kwamba kufa ni haki ya kila raia. Wapo wanaobeza! Wanasema hakuna kilichofanyika! Niwaulize, kabla ya sisi kuingia madarakani, nani katika mji huu aliwahi kuzikwa na Naibu Waziri?"

Watu wakapiga makofi, maana nchi ile makofi ni kama kupumua. Akasema saa nzima. Kisha akatazama saa yake, alikuwa na msiba mwingine ng'ambo ya mto, akaingia garini. Bwana Gerishoni akatangaza, "Mazishi yamefungwa rasmi." Na jambo likishafungwa rasmi hakifunguliwi kinywa mpaka Orodha isomwe tena.

Mvua ikaanza kudondoka. Wachimba kaburi, watu wa vitendo, walikuwa wameshashusha jeneza na kuanza kufukia. Mchungaji alisimama ameshika Orodha, kurasa sita zinazolowa, anasikia koleo zinaingia na kutoka. Sekela akaja mpaka mbele yake.

"Mchungaji. Hukumtaja."

Ningekuwa mimi ningemjibu, maana mimi ni mwepesi wa visingizio. Yeye alikubali tu kwa kichwa.

Alhamisi hiyo baiskeli haikutoka. Mchungaji alikaa uani, anajichukia. Alijichukia kwa kusema ndiyo, akaichukia Orodha, na zaidi ya vyote akamchukia Bwana Gerishoni na kidole chake kile. Mke wake akamletea ungo wa maharage ili atulie. Akayachambua mpaka akaanza kutupa mazima.

Jumapili waheshimiwa wakarudi. Naibu Waziri alikuwa ameridhika na makofi ya Itunguru. Benchi la kwanza, lililogeuzwa kuwaelekea washarika, likajaa watu tisa wenye vyeo. Mchungaji akaingia kutoka ofisini, Orodha mkononi, akaona sakafu. Kanisa halikuwa limefagiwa tangu bibi augue. Udongo wa mvua ulikuwa umegandamana chini ya mabenchi, vipande vya maua vimekauka mlangoni. Na nyuma ya mlango ule ufagio wake umeegemea, hakuna aliyeugusa.

Mchungaji akaiweka Orodha chini. Akaenda akauchukua ufagio. Akaanza benchi la kwanza, kwa Naibu Waziri.

"Nyanyua miguu, Mheshimiwa."

"Ati?"

"Nyanyua miguu. Nafagia."

Naibu Waziri akamgeukia Bwana Gerishoni. Nani ananyanyua kwanza? Kwa cheo au kwa pamoja? Mguu wa kulia au wa kushoto? Bwana Gerishoni akafungua kitabu cha kanuni, akapekua, jasho likamtoka. Kifungu cha miguu hakikuwemo.

"Kwa tahadhari," akasema, "waheshimiwa wote wanyanyue pamoja, na wasishushe mpaka nipate mwongozo." Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kuonyesha mfano, akaketi mwisho wa benchi, akanyanyua miguu yake, akaendelea kupekua.

Mioyo ya watu nyuma ikafunguka. Bibi mmoja akaangua kicheko katikati ya machozi. "Jamani! Maneno yake hayo!" Mwingine akaitikia, "Mtu wa watu!" Benchi baada ya benchi watu wakanyanyua miguu bila kuombwa, wazee kwa watoto. Sekela akasimama ili aone vizuri.

Mchungaji akaelewa kwamba hii ndiyo nafasi. Wakubwa tisa wananing'iniza miguu, hawawezi kusimama wala kukatiza, na mwenye kidole amezama kitabuni. Dakika kumi na tano zilikuwa zake. Akavuta pumzi. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Halafu akatazama chini. Ndivyo alivyofundishwa, ukishika ufagio ule unatazama chini.

Soli za viatu vya Naibu Waziri zilikuwa mpya, karatasi ya bei imebanduka nusu tu. Zilizofuata vivyo hivyo. Akazipita mpaka mwisho wa benchi, na hapo akazikuta za Bwana Gerishoni. Soli zote mbili zilikuwa zimetoboka, tundu la ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai, na ndani ya tundu mmekunjwa jalada gumu la Orodha ya mwaka jana. Jalada limelowa. Damu iliyokauka imeligandisha na soksi.

Mchungaji akanyanyua macho, akakuta Bwana Gerishoni anamtazama. Macho yake yalikuwa yakimwomba kwa namna ambayo hata mtu asiye mchungaji angeielewa.

Akisema sasa, kanisa zima litatazama mbele. Na mbele ndiko nyayo zile zilikoning'inia.

Lo, aliumia! Nasema aliumia, meno yakauma meno. Kisha akasogea akasimama kati ya nyayo zile na washarika, akaanza kufagia mahali palepale, huku na huku, huku na huku, pameshatakata siku nyingi naye bado anafagia, mpaka Bwana Gerishoni alipofunga kitabu kwa nguvu.

"Shusheni! Kwa kukosekana kwa kifungu, ibada imefungwa rasmi."

Watu wakatoka wananung'unika waziwazi. "Mchungaji wetu naye! Alikuwa amewashika, akawaachia." "Woga tu." Sekela alipita mlangoni bila kumpa mkono.

Jumanne Mchungaji akatoa baiskeli. Msidhani alitoka kwa furaha. Njia nzima alikuwa akigombana na marehemu. Bibi, umenifanyia nini? Kwa nini hukunifundisha kutazama juu kama wenzangu? Wanaotazama juu wanahubiri wakashangiliwa, wanakwenda kulala.

Bwana Gerishoni alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya ghala la chumvi. Alikutwa uani, suti imetundikwa kwenye kamba, yeye amevaa shuka, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya moto. Alipomwona Mchungaji akataka kusimama.

"Mheshimiwa Mchungaji, sikuandaa viti..."

"Kaa, ndugu yangu. Mimi ni mgeni wa jikoni."

Mchungaji akatafuta kigoda, akakaa. Hapakuwa na maharage, kwa hiyo akatazama beseni.

"Unatembea umbali gani?"

Bwana Gerishoni alizungusha mguu majini. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama usoni, akasema. "Lazima nifike kabla yao nipange viti. Wiki iliyopita ilikuwa misiba kumi na mmoja. Juzi nimevuka mto mara mbili."

"Kwa nini hupandi gari?"

"Magari ni ya waliomo kwenye Orodha."

"Na wewe namba ngapi?"

"Mimi?" Akacheka kidogo. "Mimi naiandika tu, Mchungaji. Mimi simo."

Kuku akaja akanywa maji yaliyomwagika.

"Juzi kanisani," akasema Bwana Gerishoni, "ulinisitiri. Najua ulitaka kusema, nilikuona. Miaka yote nimepita hivi, hakuna mtu aliyewahi kunitazama miguu. Nani alikufundisha kutazama watu miguu?"

"Bibi Atuganile."

Bwana Gerishoni akakunja paji la uso, akalitafuta jina hilo kichwani, mtu aliyejua majina mia moja na kumi na mawili pamoja na vyeo vyao.

"Simfahamu. Yuko idara gani?"

Damu ilimpanda Mchungaji mpaka masikioni. Saa nne! Saa nne nzima mtu huyu alisimama hatua tatu kutoka kwenye jeneza lake! Alipanga viti vya msiba wake, akamfukuza bintiye juani, akamfungia mazishi rasmi! Mchungaji alitamani kulipiga teke beseni lile, aipande baiskeli, aende zake asirudi.

Maji ya kwenye beseni yalikuwa yameanza kuwa mekundu.

"Nyanyua mguu," akasema.

Bwana Gerishoni akanyanyua. Mchungaji akauweka juu ya goti lake, akachukua kitambaa, akaanza kutoa vipande vya jalada vilivyonasa kwenye kidonda, kimoja kimoja, ameinama. Walikuwa wawili tu uani. Sheria ilitaka watu zaidi ya ishirini, kwa hiyo haikuwahusu.

"Aliitwa Atuganile Kasyupa," akaanza Mchungaji. "Alikuwa anafagia kanisa."

Alisema yote, na kwa nini. Hakusema alikuwa malaika. Ilimchukua dakika kumi na tano.